Annette Kellerman na Sanaa ya Kuogelea

Msomaji aliyekulia Modogashe, mahali zinapokutana njia za Isiolo, Wajir na Garissa, huyajua maji kwa kisima na mtungi. Huenda akaona ajabu kusikia kwamba wako watu ambao kazi yao ni kucheza majini kwa kufuata muziki, na kwamba aliyeivumisha sanaa hiyo alikuwa mtoto asiyeweza kutembea sawasawa.

Annette Kellerman alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1886. Miguu yake ilikuwa dhaifu hata ikafungwa vyuma, na wazazi wake wakampeleka kujifunza kuogelea ili ipate nguvu. Alipotimiza miaka 13 ilikuwa imenyooka. Mwaka 1902 akashinda mashindano ya wanawake ya jimbo la New South Wales. Mwaka 1905 alikwenda Uingereza pamoja na baba yake. Aliogelea katika mto Thames kutoka Putney hata Blackwall, kisha akajaribu mara tatu kuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, asifaulu. Lakini magazeti yalikuwa yamekwisha kumjua, na kwa mtu asiye na mali jina ni mtaji. Mwaka 1907, katika ukumbi wa Hippodrome mjini New York, alicheza ndani ya tangi la kioo, watazamaji wakimwona anavyojipinda na kujinyosha chini ya maji.

Siku zile mwanamke aliingia baharini na gauni la sufu na soksi, nguo ambazo zikilowa humvuta chini. Kellerman akajishonea vazi moja lenye kuufuata mwili. Alisimulia baadaye kwamba alikamatwa kwa ajili ya vazi hilo katika ufuko wa Revere, karibu na Boston. Kisa hicho yafaa kipokewe kwa hadhari, maana bibi huyu alikuwa stadi wa kujitangaza. Lakini hoja yake haikuwa ya uongo: hapana awezaye kuogelea vyema huku amebeba mzigo.

Zaidi ya karne moja baadaye hoja hiyo iligeuzwa upande wa pili, tena katika nchi yetu. Mwaka 2019 Halima Aden, binti wa Kisomali aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alitokea katika toleo la mavazi ya kuogelea la gazeti la Sports Illustrated la Marekani. Alipigwa picha pwani ya Watamu, naye amejisitiri mwili na kichwa. Yeye hakuwa mwogeleaji bali mwanamitindo. Hata hivyo watu walimjadili kwa kufunika, kama mwenzake alivyojadiliwa kwa kufunua.

Sanaa yenyewe ilikwenda polepole. Kellerman aligeukia filamu, na katika maonyesho makubwa ya Chicago ya 1933 na 1934 wanafunzi wa mwalimu Katherine Curtis wakacheza majini kwa pamoja. Michezo ya Olimpiki iliupokea mchezo huo Los Angeles mwaka 1984, kwa wanawake peke yao. Kellerman hakuiona siku hiyo; alifariki Queensland mwezi Novemba 1975.