Hesabu za Shabiki: Mbio za Bendera katika Besiboli ya Marekani

Katika besiboli ya Marekani, ubingwa wa ligi umeitwa bendera tangu karne ya 19, kwa kuwa timu iliyomaliza msimu ikiwa kileleni ilistahili kupandisha uwanjani mwake bendera ya ushindi; na kinyang'anyiro cha Agosti na Septemba, wakati timu mbili au tatu zinapokaribiana huku mechi zikizidi kupungua, kikapewa jina la mbio za bendera. Ligi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1876, nayo Ligi ya Marekani ikajitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901, na kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kati ya 1904 na 1960 kila moja ilikuwa na timu nane zilizocheza mechi 154 kwa msimu. Bingwa pekee wa kila ligi ndiye aliyeingia fainali ya kitaifa, yaani World Series, na timu saba zilizosalia zilikuwa zimemaliza kazi ya mwaka mzima. Ukali huo wa mpangilio, zaidi ya mapenzi kwa timu, ndio uliomfanya shabiki wa zama hizo kuwa mtu wa hesabu.

Msomaji aliyezoea msimamo wa ligi ya soka atashangaa kuona kwamba katika msimamo wa besiboli hamna pointi, kwa sababu mechi huendelea hadi mshindi apatikane na hivyo sare ni jambo la nadra mno. Umbali baina ya timu mbili hupimwa kwa mechi: tofauti ya ushindi wao hujumlishwa na tofauti ya vipigo vyao, kisha jumla hugawanywa kwa mbili, na ndiyo maana timu inaweza kuwa nyuma kwa mechi sita na nusu. Kipimo cha pili, ambacho mashabiki hukiita namba ya maajabu, hupatikana kwa kuchukua idadi ya mechi za msimu, kuongeza moja, kisha kutoa ushindi wa kinara na vipigo vya anayemfuata. Kila kinara anaposhinda, au mfuasi wake anapofungwa, namba hiyo hupungua kwa moja, na ikifika sifuri ubingwa umekwisha kupatikana.

Hakuna msimu ulioonyesha nguvu na udhaifu wa vipimo hivyo kama ule wa 1951 katika Ligi ya Taifa. Jioni ya tarehe 11 Agosti, Brooklyn Dodgers walikuwa wameshinda mechi 70 na kufungwa 36, huku New York Giants wakiwa na ushindi 59 na vipigo 51, yaani pengo la mechi 13. Na namba ya maajabu ya Dodgers ilikuwa 34 tu, ilhali timu hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na nafasi 92 za kuitimiza. Shabiki yeyote wa Brooklyn aliyekaa na kalamu yake siku hiyo alikuwa na haki ya kulala usingizi. Giants, hata hivyo, walishinda mechi 16 mfululizo katika mwezi huo, na katika mechi zao 44 za mwisho walifungwa 7 tu. Dodgers hawakuporomoka kama inavyosimuliwa mara nyingi, kwani walishinda 26 kati ya 48 zilizobaki, na ukijumlisha ushindi huo na vipigo 7 vya Giants unapata 33, pungufu ya lengo kwa moja. Timu zikalingana kwa ushindi 96, zikacheza mechi tatu za ziada, na tarehe 3 Oktoba Bobby Thomson wa Giants akaupiga mpira wa Ralph Branca, mrushaji wa Dodgers, hadi jukwaani katika awamu ya tisa, Giants wakashinda 5 kwa 4. Nusu karne baadaye, mwaka 2001, ilifichuliwa kwamba Giants walikuwa wakitumia darubini kusoma ishara za wapinzani katika uwanja wao, jambo ambalo hakuna msimamo wa ligi ungeweza kulionyesha.

Msimamo huficha mambo mengine yasiyo ya siri. Mechi inayozikutanisha timu mbili zinazofukuzana hubadilisha pengo kwa mechi nzima, si kwa nusu, na kwa hiyo ratiba iliyobaki ina uzito kuliko pengo lenyewe. Tena besiboli huchezwa karibu kila siku, ilhali mrushaji wa kwanza, yule anayeanza kuwarushia mpira wapigaji, huhitaji siku kadhaa za kupumzisha mkono. Mwaka 1964 Philadelphia Phillies waliongoza kwa mechi sita na nusu zikiwa zimebaki 12, na namba yao ilikuwa 7. Kocha Gene Mauch aliwarejesha warushaji wake bora, Jim Bunning na Chris Short, baada ya mapumziko ya siku mbili badala ya kuwategemea wengine, timu ikafungwa mechi 10 mfululizo, na bendera ikaenda St. Louis.

Mashabiki wa miaka ya 1980 walipata chombo kipya kutoka kwa Bill James, mwandishi aliyependekeza kwamba nguvu halisi ya timu hukadiriwa kwa alama ilizofunga na ilizofungwa, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, kuliko kwa ushindi wake, ambao mara nyingi hubebwa na bahati katika mechi za tofauti ya alama moja.

Lakini kilichobadilisha zaidi maana ya kuwa na nafasi ni ligi zenyewe. Mwaka 1969 kila ligi iligawanywa katika makundi mawili, na bendera ikawa ya kugombewa katika mechi za mtoano baina ya washindi wa makundi. Mpangilio huo ulidumu hadi 1993, msimu ambao San Francisco Giants walishinda mechi 103 na bado wakaachwa nje, kwa kuwa Atlanta Braves, waliokuwa nao kundi moja, walishinda 104. Kwa maoni ya wengi, hizo ndizo mbio za mwisho za aina ya zamani. Kuanzia 1995 nafasi ya ziada ilitolewa kwa timu bora isiyoongoza kundi lake, nafasi hizo zikawa mbili kwa kila ligi mwaka 2012 na tatu mwaka 2022. Shabiki wa leo hakokotoi tena pengo kati ya timu yake na kinara, bali pengo kati yake na nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano, na mara nyingi hesabu hiyo inamtosha: mwaka 2023 Arizona Diamondbacks walishinda mechi 84 tu, wakamaliza mechi 16 nyuma ya Los Angeles Dodgers katika kundi lao, kisha wakawatoa Dodgers hao kwa mechi tatu mfululizo na kutwaa bendera ya Ligi ya Taifa.