Kompyuta Moja, Wapangaji Wengi

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumze juu ya foleni. Sina maana ya foleni ya magari wala ya mafuta, maana hizo tumezizungumza mara nyingi. Nataka tuitazame foleni isiyoonekana kwa macho, ile inayopangwa ndani ya kompyuta pale watu wengi wanapoitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Historia yake ni ya miaka zaidi ya sitini, na ndani yake limo swali ambalo kila mtaa wenye bomba moja la maji umewahi kulijibu, kwa wema au kwa ngumi: kilicho chetu sote, nani atangulie, achukue kiasi gani, na nani amzuie anayezidisha?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, tuwaachie wenyewe. Mimi nasema sivyo. Barua tunazopelekeana kwa simu, picha za harusi, hesabu za maduka na za vyama vingi siku hizi hukaa katika kompyuta za kukodi, ambazo wapangaji wake ni maelfu na hawajuani. Mpangaji asiyejua sheria za nyumba anayokaa, siku akifukuzwa hatajua hata wa kumlalamikia.

Turudi nyuma hadi mwaka 1957. Chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kilipata kompyuta ya aina ya IBM 704 kutoka kampuni ya IBM. Ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na wenye kuihitaji walikuwa wengi. Basi siku ikakatwa vipande vitatu vya saa nane: zamu moja ya chuo chenyewe, zamu moja ya vyuo vingine vya eneo la New England, na zamu moja ya IBM. Ndani ya kila zamu kazi zilipangwa mfululizo. Mwanafunzi alitoboa programu yake katika kadi, akalikabidhi bunda la kadi dirishani, akaenda zake. Alirudi baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, kuchukua majibu. Kama alikosea alama moja tu, majibu yalikuwa kwamba hakuna majibu, na foleni ilianza upya.

Kwa mwenye mashine utaratibu ule ulikuwa mzuri, kwa sababu mashine haikukaa bure hata dakika moja. Aliyekaa bure ni binadamu.

Tarehe 1 Januari 1959, mwalimu mmoja wa chuo hicho, John McCarthy, alimwandikia Philip Morse, mkuu wa kituo cha kompyuta, akipendekeza njia nyingine. Mwaka huohuo Mwingereza Christopher Strachey alisoma mjini Paris makala juu ya jambo lililo karibu na hilo. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleweka. Kompyuta ina kasi kuliko vidole na fikra za mtu. Mmoja anapokuna kichwa akitafuta neno la kuandika, mashine inaweza kumhudumia wa pili, wa tatu na wa nne, kisha ikarudi kwa wa kwanza kabla hajajua kwamba iliondoka. Kila mmoja ataona kama mashine ni yake peke yake.

Mwezi wa Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT walionyesha mfumo wa namna hiyo ukifanya kazi, ukihudumia watu wanne. Waliuita CTSS. Mwaka uliofuata waliandika makala ya kuueleza, na ndani yake mlikuwa na kanuni ya foleni ambayo hadi leo inastahili kusomwa na mtu yeyote mwenye kugawa kitu.

Tuieleze kwa bomba. Amekuja mama mmoja na jagi, na kijana mmoja na mapipa sita. Ukifuata aliyetangulia kufika, mama wa jagi atasimama juani mpaka mapipa sita yajae. Kanuni ya CTSS ilisema hivi: kila anayefika apewe kwanza muda mfupi. Akimaliza, aende zake. Asipomaliza, ashushwe katika foleni ya chini, ambako zamu huchelewa kufika, lakini ikifika hudumu mara mbili ya ile ya mwanzo. Asipomaliza tena, ashushwe zaidi, na muda uongezwe tena mara mbili. Mwenye kazi ndogo huondoka upesi. Mwenye kazi kubwa husubiri, lakini akifikiwa hupewa nafasi ya kutosha, maana kuingiza na kutoa kazi kubwa katika kumbukumbu ya mashine kila mara nako kunapoteza wakati.

Mimi nilipoanza kazi ya redio, kituo nilichokuwapo kilikuwa na kompyuta moja tu ya kuhariria sauti, na daftari la kuandikisha zamu. Mwenye kipindi cha nusu saa aliwahi asubuhi, akaandika jina lake, akakikalia kiti mpaka adhuhuri. Mwenye habari ya dakika mbili alisimama mlangoni na kaseti yake hadi habari ikachacha. Tulilalamika kwa wakubwa kwamba tunahitaji kompyuta ya pili. Ilipokuja, ikawa na daftari lake, na mwenye kipindi cha nusu saa akaandika jina lake katika madaftari yote mawili. Hapo ndipo niliposadiki kwamba wingi wa vifaa peke yake hauondoi foleni.

Wale wa MIT nao waliliona hilo mapema. Kila mtumiaji wa CTSS alikuwa na fungu lake la muda, na ili mtu asile fungu la mwenzake, kila mmoja alipewa neno la siri. Angalieni, ndugu zangu, neno la siri tunaloliandika leo kila tukifungua simu au kompyuta, tangu ujana wake lilikuwa mlinzi wa zamu. Na mwizi hakukawia. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, ambaye fungu lake halikumtosha kwa utafiti wake, aliuomba mfumo umchapishie faili lenye maneno ya siri ya watu wote, nao ukamchapishia. Alichokitaka ni dakika za kompyuta. Alikuja kukiri mwenyewe baada ya robo karne hivi.

Baada ya hapo likaja swali la hiari. Katika mfumo wa UNIX, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, iliwekwa amri iitwayo nice, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwema. Mwenye kazi ndefu isiyo na haraka aliweza kuitumia ili kazi yake ijishushe yenyewe na kuwapisha wengine. Kujishusha ameruhusiwa kila mtu; kujipandisha ni kwa msimamizi peke yake. Ni sheria ya adabu kabisa. Lakini adabu ya hiari, msikilizaji, humfaa zaidi yule asiyekuwa nayo.

Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, Judy Kay na Piers Lauder waliikuta shida hiyo katika sura nyingine. Mashine iligawa muda sawasawa kwa kila programu iliyokuwa ikiendeshwa. Basi aliyeendesha programu kumi alipata mafungu kumi, na mwenye moja akapata moja. Ni sawa na mtu anayeleta wapwa zake kumi bombani, kila mmoja na ndoo yake, kisha anasema kila mtu amechota ndoo moja tu. Mwaka 1988 wawili hao walichapisha dawa yao: hesabu iwe kwa mtu, isiwe kwa programu. Na aliyetumia sana hivi karibuni ashuke, lakini deni lake lipungue siku zinavyopita, asije akaadhibiwa milele kwa matumizi ya mwezi uliopita.

Mwaka huohuo wa 1988, Miron Livny na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani walieleza mfumo wao walioupa jina Condor, ambalo ni jina la tumbusi mkubwa wa Amerika ya Kusini. Wakati huo kompyuta ndogo zilikuwa zimeanza kujaa mezani, kila mtu na yake, na wengi walidhani foleni imekwisha. Livny aliona jambo jingine: mashine za watu waliokwenda kula, au waliolala, zilikaa bure huku mwenzao wa chumba cha pili akisubiri hesabu zake wiki nzima. Condor ilizitafuta mashine hizo na kuzipa kazi za wengine, kwa sharti moja kubwa. Mwenyewe akirudi na kugusa vibonyezo, mgeni atoke mara moja, akiwa amebeba kazi yake hapo ilipofikia akaiendeleze mahali pengine.

Waswahili husema akiba haiozi. Kwa unga na mahindi ni kweli. Kwa kompyuta akiba huoza papo hapo, kwani sekunde iliyopita bila kazi haiwekwi ghalani. Hapa pana ugumu ambao foleni ya bomba haina: ukimtunzia kila mtu fungu lake hata asipolitumia, umepoteza, ukiligawa kwa wengine, yapasa uweze kulirudisha pale mwenyewe anapolitaka.

Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa saa kupitia huduma yake ya EC2, na mafundi wa Google wakaanza kutengeneza kizuizi cha kuzuia kundi moja la programu lisimeze mashine nzima. Kizuizi hicho, kiitwacho cgroups, kiliingizwa katika mfumo wa Linux mwaka 2008. Ndani ya Google kwenyewe kulikuwa na msimamizi mkubwa aliyeitwa Borg, ambaye kampuni ilimweleza kwa kirefu mwaka 2015. Kituo kimoja cha wastani kilikuwa na mashine kama 10,000. Humo kazi za kujibu watu wanaosubiri zilikaa pamoja na kazi za usiku, kama kuhesabu na kuchambua. Zile za kwanza zikihitaji nafasi, za pili hufukuzwa. Lakini kazi kubwa haziruhusiwi kufukuzana zenyewe kwa zenyewe, kufukuzana kusije kukawa mnyororo. Walipofanya hesabu waligundua kwamba wangezitenga aina hizo mbili, kituo cha wastani kingehitaji mashine zaidi kwa asilimia 20 hadi 30. Hiyo ndiyo faida ya kukaa pamoja. Gharama yake huibeba yule anayefukuzwa.

Na ujanja wa binadamu haukwisha. Mwaka 2011 Ali Ghodsi na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walisimulia habari za kampuni moja kubwa ya utafutaji iliyowapa watu mashine za peke yao kwa sharti kwamba wazitumie barabara. Watu wakaingiza katika programu zao mizunguko isiyo na mwisho, ili mashine ionekane inachapa kazi! Ghodsi na wenzake wakatafuta kanuni ambayo mtu akidanganya hapati zaidi. Mfano wao ni huu: zipo prosesa 9 na kumbukumbu ya gigabaiti 18. Kila kazi ya mpangaji wa kwanza inataka prosesa 1 na gigabaiti 4. Kila kazi ya wa pili inataka prosesa 3 na gigabaiti 1. Kwa kanuni yao, wa kwanza anapata kazi 3 na wa pili kazi 2. Hazilingani, lakini tazameni: wa kwanza amepata gigabaiti 12 kati ya 18, yaani theluthi mbili ya kile anachokihitaji zaidi, wa pili amepata prosesa 6 kati ya 9, naye theluthi mbili ya anachokihitaji zaidi. Usawa umepimwa kwa haja ya kila mtu.

Mwaka 2014 Google ilitoa bure kwa ulimwengu programu ya Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Katika programu hiyo kila mpangaji huandika anachohitaji na kikomo chake, na msimamizi huweza kuweka kiwango ambacho kundi moja haliwezi kukivuka. Wenye mashine nyingi na wenye mashine tatu wanaitumia sawa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tangu zile zamu tatu za saa nane hadi vituo vya mashine elfu kumi, kila kizazi kilitumaini kwamba mashine kubwa zaidi ingeimaliza foleni. Haikuimaliza. Kilichowapa watu nafuu ni sheria iliyoandikwa, na sheria iliyodumu ni ile iliyotungwa kwa kukumbuka kwamba kati ya wapangaji yumo mwenye mapipa sita, yumo mwenye wapwa kumi, na yumo anayejifanya ana kazi. Wewe unayekodi mashine kwa ajili ya duka, shule au chama chako, usiulize bei peke yake. Uliza fungu lako limeandikwa wapi, nafasi ikibana nani humpisha nani, na ukifukuzwa kazi yako huishia wapi. Kama mwenye nyumba hana jibu, jua kwamba wewe ndiye utakayepisha.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.