Ghairi: jina la kosa la mrushaji

Mrushaji wa besiboli amesimama, mguu mmoja juu ya kibao cheupe. Mkimbiaji wa timu pinzani yuko kituo cha kwanza, amejitokeza hatua kadhaa akiinyemelea nafasi ya kuiba cha pili. Bega la mrushaji linaanza kwenda, kisha linatulia. Mwamuzi anapaza sauti, mpira unakufa, na kila mkimbiaji anasogezwa kituo kimoja bure. Kosa hilo Kiingereza huliita balk. Mimi naliita ghairi, na nina sababu.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mkimbiaji akijitokeza mno, mrushaji anaruhusiwa kumgeukia na kurusha mpira kituoni ili anaswe kabla hajarudi. Huo ni mrusho wa kunasa, na ni halali kabisa. Ila mguu ukiwa bado kwenye kibao, sheria inambana: lazima apige hatua kuelekea kituo kile kile anachorushia, na akianza kurushia cha kwanza, lazima mpira utoke mkononi. Kuzuga kituo cha pili anaruhusiwa. Cha tatu aliruhusiwa pia, mpaka ligi kuu ya Marekani ilipokataza kuanzia msimu wa 2013, maana warushaji walizoea kuzuga cha tatu, wakageuka na kurusha cha kwanza. Lakini akiutoa mguu nyuma ya kibao kwanza, anakuwa mchezaji wa uwanjani kama wengine, na anaweza kuzuga popote apendapo. Mtoto yeyote aliyecheza rede anajua kuzuga ni nini, kwa hiyo neno hilo tunalo tayari na linatosha.

Ugumu uko kwenye jina la kosa. Wepesi wa kwanza ni kuliita hila, hadaa au udanganyifu. Nayakataa yote matatu. Ni kweli sheria ilitungwa ili mkimbiaji asilaghaiwe, na palipo na shaka mwamuzi huelekezwa kuitazama nia ya mrushaji. Lakini mrushaji akiwa kibaoni na mpira ukamponyoka kwa bahati mbaya, ukaanguka, ni kosa lile lile na adhabu ni ile ile. Utamwitaje mdanganyifu mtu aliyeteleza vidole? Mwaka 1988 waamuzi wa ligi kuu walitakiwa kuhakikisha mrushaji anatulia tuli, miguu yote miwili chini, kabla ya kurusha. Makosa yakamiminika kuliko msimu wowote kabla ya hapo. Dave Stewart wa Oakland peke yake aliandikiwa 16. Hakuwa laghai. Alikuwa na mwendo ambao sheria iliacha ghafla kuuvumilia.

Wajapani walilichukua neno la Kiingereza na kulitamka kwa sauti zao. Nasi tungeweza, lakini tungepata sauti isiyoeleza kitu. Neno la Kiingereza lenyewe lina picha: zamani lilikuwa tuta lililoachwa bila kulimwa kati ya mifereji ya plau, likaja kumaanisha kuruka kitu, kisha kukwama, kama farasi anayefika kwenye kizuizi akagoma. Kiini chake ni jambo lililoanzwa lisikamilishwe.

Kughairi ni hilo hasa. Aliyeghairi safari alikuwa ameshaifikiria, pengine ameshafunga mizigo. Neno halimshtaki kwa uongo. Linasema tu kwamba alianza, kisha akaacha. Nakiri halifuniki kila tawi la sheria. Tangu 2023, kwa mfano, mrushaji wa ligi kuu anaruhusiwa kujitoa kibaoni au kujaribu kunasa mara mbili tu kwa kila mpigaji, na hesabu huanza upya mkimbiaji akisonga mbele. Jaribio la tatu lisipomtoa mkimbiaji, ni ghairi, hata kama mrusho ulikamilika vizuri. Hapo jina limepanuliwa kupita maana yake, lakini limepanuliwa vivyo hivyo katika Kiingereza pia.

Zaidi ya maana, neno linanyumbulika. Mrushaji ameghairi. Ghairi mbili katika mchezo mmoja. Mkimbiaji amesogezwa kwa ghairi. Na ni fupi: mwamuzi anaweza kulipaza kwa pumzi moja huku akinyoosha mkono, na mkimbiaji wa kituo cha kwanza akaanza kutembea kwenda cha pili bila kuuliza.