Muda wa Kushtaki na Watoto wa Katende

Watu husema kwamba kosa haliozi. Sheria haikubaliani nao daima. Katika Kongo yetu, sheria ya adhabu inaweka mwaka 1, miaka 3 au miaka 10 kwa kadiri ya uzito wa kosa. Muda huo ukiisha bila mashtaka, mlango wa mahakama hufungwa. Wala si upuuzi. Mashahidi hufa, karatasi huliwa na mchwa, na ni vigumu mtu kujitetea juu ya siku isiyokumbukwa na yeyote.

Lakini tuitazame habari ya Katende, katika Kasai. Wakati wa ukoloni, serikali ya Ubelgiji iliwatafuta watoto machotara, wa mama Mwafrika na baba mzungu, ikawatenga na mama zao na kuwaweka katika misheni. Kati ya mwaka 1948 na 1953 wasichana watano walichukuliwa hivyo, kabla ya kutimiza miaka 7, wakapelekwa Katende kwa masista. Ndiyo, misheni ya Kikatoliki. Haifai tulifiche neno hilo, na maaskofu wa Ubelgiji wenyewe waliomba radhi mwaka 2017.

Mwaka 2020 watano hao, sasa wakiwa mabibi, waliishtaki dola ya Ubelgiji mjini Brussels. Dola ikajibu kwamba muda umepita. Mwaka 2021 mahakama ya kwanza ikawakatalia, ikisema kwamba zamani zile tendo hilo halikuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Hoja hiyo si nyepesi: nani ahukumiwe kwa sheria ambayo haikuwapo? Majaji wa rufani, tarehe 2 Desemba 2024, walirudi hadi Nuremberg, walikohukumiwa wakuu wa Wanazi. Mnamo Desemba 1946 Umoja wa Mataifa ulizithibitisha kanuni za hukumu ile, na Ubelgiji ilikuwa mwanachama. Basi mwaka 1948 dola ilikwisha kujua kwamba kuwatesa raia kwa sababu ya rangi yao ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, nao hauna ukomo wa muda. Kila mmoja alipewa euro 50,000.

Wengine huuliza kwa nini walikawia hivyo. Swali hilo lina ukatili ndani yake. Mtoto wa miaka minne hajui hata mahali pa kulalamikia, na nyaraka nyingi za machotara ziliwekwa Ubelgiji, katika hifadhi za dola ile ile iliyowachukua.

Kwetu, sheria ya mwaka 2015 imetamka kwamba maangamizi ya kimbari, jinai za vita na uhalifu dhidi ya ubinadamu havipitwi na wakati. Wanaoua raia leo huko Ituri na Kivu hawana miaka 10 ya kuhesabu.