Chenga za picha dijitali

Chenga za picha dijitali ni nukta ndogondogo za mwanga au rangi ambazo hazikuwepo kwenye kitu kilichopigwa picha, lakini zinaonekana katika picha ya kamera au simu, hasa iliyopigwa penye mwanga hafifu. Hufanana na chenga za televisheni isiyoshika mawimbi vizuri. Zinaweza kupunguzwa kwa programu ya kuhariri picha, lakini kila njia ya kuzipunguza inaweza pia kufuta sehemu ya picha yenyewe. Jambo hilo lina uzito katika picha za kumbukumbu, kwa mfano zile za michoro ya miambani ya mkoa wa Singida nchini Tanzania.

Sababu

Kihisi cha kamera hupokea mwanga kwa chembe zinazoitwa fotoni. Idadi ya fotoni zinazofika kwenye pikseli moja hubadilika kwa bahati, na kiasi cha badiliko ni takriban kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Pikseli inayopokea fotoni 10,000 hutofautiana kwa takriban 100, yaani asilimia 1. Inayopokea fotoni 100 hutofautiana kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Ndiyo maana chenga huonekana zaidi kivulini kuliko juani.

Vifaa vya elektroniki ndani ya kamera huongeza chenga nyingine, hasa vikipata joto. Kupandisha ISO hakuongezi mwanga, bali hukuza ishara iliyopo pamoja na chenga zake. Simu nyingi zina kihisi kidogo kinachokusanya mwanga kidogo, hivyo huathirika zaidi.

Aina

* Chenga za mwangaza: pikseli za jirani hutofautiana kwa weupe na weusi, na picha huonekana kama imenyunyiziwa mchanga.
* Chenga za rangi: madoa mekundu, ya kijani au ya buluu hutokea mahali palipotakiwa kuwa na rangi moja.
* Pikseli mbovu: nukta zinazong'aa mahali palepale katika kila picha.

Njia za kupunguza

* Kuchukua wastani wa pikseli za jirani. Ni njia rahisi, lakini hufifisha kingo za vitu.
* Kuchukua thamani ya kati ya pikseli za jirani. Hufaa kwa nukta chache zinazojitokeza sana.
* Kulinganisha vipande vinavyofanana popote vilipo katika picha na kuchukua wastani wake. Njia hii ilielezwa mwaka 2005 na Antoni Buades, Bartomeu Coll na Jean-Michel Morel.
* Kutumia akili bandia iliyofunzwa kwa picha nyingi. Adobe Lightroom ilipata zana ya aina hii mwaka 2023.
* Kuunganisha picha kadhaa za kitu kilekile kisichosogea. Picha 4 hupunguza chenga za bahati hadi nusu, na picha 16 hadi robo.

Njia ya mwisho hutofautiana na zilizotangulia kwa kuwa huongeza mwanga uliokusanywa kweli. Nyingine hukisia pikseli ilipaswa kuwaje. Programu za bure zenye zana za kupunguza chenga ni pamoja na GIMP, darktable na RawTherapee.

Michoro ya miambani ya Singida

Singida na wilaya jirani ya Kondoa, mkoa wa Dodoma, zina michoro ya kale iliyochorwa kwenye mapango na chini ya miamba iliyoinama. Mwanaakiolojia Fidelis Masao aliilinganisha michoro ya sehemu hizi mbili katika chapisho la mwaka 1982. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Mingi imefifia, na huwa kivulini huku nje jua likiwa kali. Zamani baadhi ya watu waliimwagia maji ili rangi ionekane, jambo linaloiharibu. Siku hizi watafiti hutumia DStretch, programu iliyotengenezwa na Jon Harman mwaka 2005, ambayo hupanua tofauti ndogo za rangi hadi wekundu usioonekana kwa macho ujitokeze. Lakini programu hiyo hukuza chenga za rangi vilevile, pamoja na alama za mgandamizo wa JPEG.

Kwa hiyo ni vyema chenga zizuiwe wakati wa kupiga picha: kutumia ISO ndogo, kuweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kuhifadhi faili ghafi, na kupiga picha kadhaa za kuunganishwa. Kufuta chenga za rangi kwa nguvu kunaweza kuondoa rangi hafifu ya mchoro wenyewe, au mstari mwembamba kama mguu wa mnyama. Akili bandia inaweza hata kuongeza mstari ambao mchoraji hakuuchora, na msomaji wa picha asiweze kuutambua.

Kwa sababu hiyo faili la asili halifutwi, na mipangilio yote iliyotumika huandikwa pamoja na picha iliyohaririwa. Mchoro ukiharibika, picha hiyo ya asili inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki.