Kutambua Kabla ya Kupiga

Leo tunazungumza juu ya sinema moja ya waaskari, maana historia yake ina fundisho kwetu.

Katika vita ya pili ya dunia, Marekani ilihitaji marubani wengi kwa haraka. Mwaka 1942 jeshi lake la anga liliunda kikosi cha kutengeneza sinema, kikakaa Culver City, California, katika studio za Hal Roach. Kwa sinema hizo waaskari wa ndege walifundishwa kulenga shabaha, tena kutotoa siri wakikamatwa.

Sinema moja ya mwaka 1943 ilifundisha kuitambua Zero, ndege ya vita ya Wajapani. Rubani kijana anaona ndege angani, anadhani ni Zero, anaifyatulia risasi. Kumbe ni P-40, ndege ya mwenzake! Kwa bahati mwenzake anapona, na anashuka akiwa na hasira. Aliyecheza nafasi ya kijana huyo ni Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani tangu 1981 hadi 1989.

Sasa sikilizeni ajabu. Jeshi lilifundisha watu kutofautisha ndege na ndege, lakini serikali ile ile ilikataa kutofautisha mtu na mtu. Tangu 1942, watu kama 120,000 wenye asili ya Japani walitolewa nyumbani mwao na kufungiwa kambini. Wengi wao walikuwa raia, wazaliwa wa Marekani. Hakuna aliyeulizwa: wewe umefanya nini? Walipoteza mashamba, maduka na nyumba.

Mwaka 1988 Reagan yule yule alitia sahihi sheria iliyoomba msamaha kwa jina la taifa, na kumpa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Ndugu zangu, sheria inasema kosa ni la mtu, si la kabila. Wakija kwako kumshitaki jirani kwa sababu ya sura, jina au lugha yake, wewe mkubwa wa mtaa uliza mambo matatu: Amefanya nini? Nani aliona? Yeye mwenyewe anajibu nini? Pasipo majibu hayo, usiache mtu afukuzwe. Risasi ikishatoka hairudi.

Amani iwe kwenu.