Lamborghini: motokari ya matajiri iliyoanzia kwenye mabaki ya vita

Wengi wakisikia jina Lamborghini wanafikiria motokari ya kifahari, fupi, inayopita mbio ikinguruma. Wachache wanajua kwamba jina hilo lilianzia shambani.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka wa 1916 huko Renazzo, Italia, katika familia ya wakulima wa zabibu. Yeye alipenda mashini kuliko jembe. Wakati wa vita ya pili ya dunia, jeshi lilimpeleka kwenye kisiwa cha Rhodes kutengeneza magari. Waingereza walimkamata, na mwaka wa 1946 akarudi kwao.

Alikuta wakulima hawana mashini za kulima, wakati magari ya jeshi yaliyobaki yanauzwa kwa bei ndogo. Akayanunua, akatoa injini na vyuma, akaunda matrekta. Mwaka wa 1948 alianzisha kampuni ya matrekta, na utajiri ukaja.

Alinunua Ferrari, lakini hakuridhika nayo. Mwenyewe alisimulia kwamba alimpelekea Enzo Ferrari malalamiko, akajibiwa kwa dharau. Mwaka wa 1963 akafungua kiwanda chake cha motokari huko Sant'Agata Bolognese. Mwaka wa 1966 ilitoka Miura, yenye injini ya silinda 12 nyuma ya dereva, na dunia ikashangaa.

Katika miaka ya 1970 aliuza kampuni, akarudi kulima zabibu. Alifariki mwaka wa 1993.

Kwa familia ambazo vita imezitoa mashambani, kuna jambo la kukumbuka: kabla ya kuwafurahisha matajiri, fundi huyo aliwasaidia majirani zake warudi kulima.